Mlango wa Muuza Nyama

Katika mtaa wa Shambles, mjini York, kaskazini mwa Uingereza, kuna nyumba ya ukumbusho ya mwanamke ambaye hakuishi humo. Ni namba 35. Ukiingia unakuta chumba kidogo cha sala, boriti nyeusi juu ya kichwa, viti vichache, na ukimya ambao nje mtaani huupati kabisa. Watu huingia, hukaa dakika mbili tatu, wengine hupiga ishara ya msalaba, hutoka. Mtakatifu wanayemkumbuka anaitwa Margaret Clitherow. Alikuwa mke wa muuza nyama, na aliuawa tarehe 25 Machi 1586. Nyumba yake halisi, kwa jinsi inavyoaminika sasa, ilikuwa upande wa pili wa mtaa, karibu na namba 10 ya leo. Namba za nyumba zilipangwa upya katika karne ya 18, na waliokuja baadaye kutafuta mahali pa kumheshimu wakaishia kwenye mlango usio wake.

Nilipita York mwaka jana nikiwa safarini kikazi, na kosa hili halijanitoka kichwani. Shambles ni mtaa mfupi, unautembea wote kabla chai yako haijapoa. Inakuwaje nyumba ipotee mahali padogo namna hiyo? Tena nyumba ya mtu ambaye kifo chake kilizungumzwa mji mzima? Jibu ninaloliona mimi limo katika namna nyumba zenyewe zilivyojengwa, na katika biashara iliyofanyika ndani yake. Kwa hiyo nivumilie kidogo, msomaji. Kabla ya kumfikia Margaret itabidi tuzungumze mambo ya seremala.

Nyumba nyingi za mtaa huu ni za karne ya 14 na 15, na ni za kiunzi cha mbao. Maana yake ni kwamba ukuta haubebi kitu. Kinachobeba paa na ghorofa ni mifupa: nguzo, mihimili ya kulala na vipande vya mshazari vinavyozuia nyumba isiyumbe. Ukuta ni nyama tu iliyojazwa kati ya mifupa hiyo. Unaweza kuubomoa wote na nyumba ikabaki imesimama, upepo unapita humo kama kwenye tenga.

Mbao ilikuwa mwaloni, na ulichongwa ukiwa mbichi. Sababu ni ya kawaida sana: mwaloni ukikauka unakuwa mgumu mno kwa shoka na patasi. Fundi aliunga kiunzi kizima kikiwa kimelazwa chini, kwenye uwanja wake wa kazi, pengine mbali na kiwanja. Ncha ya boriti moja ilichongwa iwe ulimi, boriti nyingine ikatobolewa tundu la kuupokea, kisha kikapigwa kigingi cha mbao kupita zote mbili. Kiungo hakikuhitaji msumari wa chuma. Baada ya kuhakikisha kila kitu kinakaa, fundi alichora alama kwenye kila kiungo, alama zinazofanana na tarakimu za Kirumi, akafungua kila kitu, akapakia kwenye mikokoteni na kwenda kukisimamisha upya mjini. Kwa hiyo nyumba ilifika mtaani ikiwa vipande vyenye namba, kama kabati la siku hizi linaloletwa kwenye boksi. Katika nyumba nyingi za namna hii alama hizo bado zinasomeka. Inachekesha kidogo ukifikiria: boriti zilikuwa na namba karne nyingi kabla milango haijapewa.

Na kwa kuwa mti ulikaukia ndani ya nyumba, ulijipinda humohumo. Ndiyo maana nyumba hizi zimeinama. Watalii hudhani ni uzee. Sehemu kubwa ya kuinama huko ilitokea nyumba zikiwa bado changa, miaka ya mwanzo, mbao zilipokuwa zinakauka na kuvutana mpaka kila moja ikapata pa kuegemea.

Sasa ile nyama ya ukuta. Kati ya nguzo na nguzo walisimamisha vijiti, wakasuka fito nyembamba kupita vijiti hivyo, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Juu yake chokaa. Msomaji wa Muheza, wa Kilwa au wa Malindi atakuwa ameshatabasamu. Ni nyumba ya bibi yangu hiyo. Nguzo, fito, kamba, udongo. Siku ya kukandika majirani wanakuja, watoto wanakanyaga tope mpaka magotini, na jioni kunapikwa. Nilipoona kwenye jumba la makumbusho kipande cha ukuta wa Kiingereza kimeachwa wazi kwa makusudi ili wageni waone fito ndani, nilisimama pale muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Nilitaka kumwonyesha mtu, lakini nilikuwa peke yangu.

Tofauti ipo, na si ndogo. Nguzo za bibi zilichimbiwa ardhini, na hapo ndipo mchwa na unyevu walipoanzia kazi yao. Kila miaka michache nguzo moja ilibadilishwa, na hatimaye nyumba nzima. Fundi wa York aliweka nguzo zake juu ya boriti iliyolala, na boriti hiyo akailaza juu ya ukuta mfupi wa mawe. Mti haukugusa udongo. Kitu hicho kidogo, pamoja na ugumu wa mwaloni na baridi isiyopendwa na mchwa, ndicho kilichofanya nyumba moja ipate miaka 600 na nyingine 30. Akili ya ukuta ni ileile. Kwetu nyumba ya namna hiyo huandikwa kwenye fomu kuwa ni ya muda, na mwenye nayo akipata hela kidogo anaibomoa haraka aweke tofali. Simlaumu, hata baba yangu alifanya hivyo.

Kitu cha kwanza kinachovutia macho ukifika Shambles ni ghorofa kuchomoza. Ghorofa ya kwanza imetoka mbele ya chumba cha chini, na ya pili imetoka mbele ya ya kwanza, mpaka huko juu nyumba za pande mbili zinakaribiana sana. Wenyeji hupenda kusema kwamba mtu aliye dirishani upande huu anaweza kumpa mkono aliye dirishani upande ule, na kuna mahali nadhani ni kweli. Sababu ya kuchomoza huko imejadiliwa sana. Ndani ya kuta za mji kiwanja kilikuwa ghali, lakini hewa juu ya barabara haikuwa na mwenyewe, kwa hiyo ukichomoza unapata chumba kikubwa zaidi bila kununua ardhi. Pia kuna ufundi: boriti za sakafu zikipita ukuta na kubebeshwa uzito kwenye ncha zake za nje, katikati yake hazidundi sana mtu akitembea. Na kuna mvua. Ghorofa iliyochomoza ni mwavuli wa ukuta wa udongo ulio chini yake, na wa bidhaa zilizopangwa dirishani.

Hiyo ya bidhaa ndiyo muhimu kwetu, kwa sababu nyumba hizi zilikuwa maduka tangu mwanzo. York ina mfano wa zamani kuliko Shambles, safu ya nyumba za mtaa wa Goodramgate inayoitwa Lady Row, iliyojengwa kuanzia 1316 pembeni ya kanisa la Holy Trinity ili kodi yake imlipe padri wa kusali misa. Mpango wake ni mwepisi: chumba chini cha kazi au biashara, chumba juu cha kulala, ghorofa imechomoza mbele, basi. Ukishaielewa Lady Row umeshaielewa nusu ya miji ya Ulaya ya wakati ule, na pia Darajani pale Unguja, ingawa Darajani walijenga kwa mawe na chokaa: duka chini, maisha juu, na mwenye duka akilala usiku analala juu ya mali yake.

Duka la zamani halikuwa na kioo. Lilikuwa na dirisha kubwa lenye vibao viwili vya kulala. Asubuhi kibao cha juu kiliinuliwa kikawa kivuli, cha chini kikashushwa kwa nje kikawa meza. Mnunuzi alibaki barabarani na muuzaji ndani. Jioni ukifunga meza umefunga dirisha. Hata leo Kariakoo au Ilala, mtu anapotoboa dirisha la chumba cha mbele cha nyumba ya familia ili auze sabuni na mafuta ya taa ya kupima, anafanya jambo lilelile, ila yeye anaongeza nondo.

Sasa meza hizo ndizo zilizoupa mtaa jina. Kwa Kiingereza cha kale neno lilikuwa na maana ya kibao au benchi, nalo lilitoka Kilatini. Benchi la kuuzia nyama likawa soko la nyama, soko la nyama likawa machinjio, machinjio yakawa mahali palipojaa damu na maiti, na kwa Kiingereza cha leo neno lilelile lina maana ya mambo kuwa shaghalabaghala. Safari ya neno kutoka kwenye kipande cha ubao hadi kwenye vurugu, na kila kituo cha safari hiyo kilikuwa na muuza nyama. Soko la nyama la York limetajwa tayari katika Domesday Book, ile sensa ya mali iliyofanywa kwa amri ya mfalme William mwaka 1086. Na katika karne ya 19 bado mtaa huu mmoja ulikuwa na mabucha zaidi ya 20.

Ukitazama vizuri, kazi hiyo imeandikwa kwenye nyumba. Chini ya madirisha kadhaa bado kuna rafu pana za mbao, na juu yake kulabu za chuma zilizoning'iniza mapaja na mbavu. Njia ya watu imeinuliwa pande zote mbili na katikati kumebaki mfereji mpana: damu na maji ya kuoshea yalipita hapo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa kuchinjia, na vichochoro vyembamba vinavyochomoka kutoka mtaani. Wembamba wa mtaa wenyewe, wanasema, ulisaidia nyama isipigwe na jua. Harufu ilikuwaje mwezi wa Julai, nakuachia wewe.

Katika mtaa huo ndiko Margaret Middleton alikoolewa mwaka 1571. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa ya nta na aliwahi kuwa ofisa mkubwa wa mji. John Clitherow, mumewe, alikuwa muuza nyama mwenye uwezo, mjane, mtu wa vyeo vya mji na wa kanisa rasmi. Tunachojua juu ya maisha ya ndani ya nyumba yao kimetoka zaidi kwa mtu mmoja, John Mush, padri aliyekuwa mwungamishi wa Margaret na aliyeandika habari zake mara tu baada ya kifo chake. Mush alikuwa anaandika maisha ya mtakatifu, na hilo linaonekana. Huwezi kupata kwake siku ambayo Margaret aliamka na hasira. Lakini ana jicho la mambo madogo. Kwake ndiko tunakopata habari kwamba Margaret alifanya kazi dukani kwa bidii, na kwamba alimshauri mumewe aachane na rejareja auze kwa jumla, ili wapunguze adha. Huyo si malaika. Huyo ni mtu aliyechoka kusimama kwenye kibao kile siku nzima.

Miaka michache baada ya ndoa alirudi katika Ukatoliki, dini ambayo serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ilikuwa imeipiga marufuku. Mumewe hakumfuata, ila alilipa faini zake kila alipokataa kwenda kanisa rasmi. Alifungwa zaidi ya mara moja, na gerezani ndiko alikojifunza kusoma. Nadhani wasomaji wa ukurasa huu wataelewa kwa nini nimesimama hapo kidogo. Mke wa muuza nyama, mwenye watoto nyumbani na duka linalomsubiri, anatoka jela akiwa anajua kusoma.

Mwaka 1585 sheria ilikazwa: kumhifadhi padri likawa kosa la kifo. Margaret alikuwa akiwahifadhi. Alikuwa na chumba cha siri kilichopakana na nyumba yake, na alipohisi anaangaliwa sana akapanga chumba kingine mahali pengine mjini.

Hapa ndipo ile habari ya seremala inaporudi. Nyumba za Shambles zimeegemeana. Kati ya dari yako na ya jirani mara nyingi hapakuwa na jiwe, palikuwa na fito na udongo tu. Kazi ya jioni moja na kisu kizuri, na una tundu la kumpitisha mtu. Ukilikandika upya na kuegemeza kabati, nani atajua? Nyumba ya mawe ya bwana mkubwa shambani ilihitaji fundi stadi kutengeneza maficho. Nyumba ya muuza nyama ilikuwa nusu maficho tangu siku ya kwanza, kwa sababu haikuwa na mwisho ulio wazi. Jirani alianzia wapi? Kwenye ghorofa, hata mwenye nyumba asingeweza kukuonyesha kwa uhakika.

Tarehe 10 Machi 1586 maofisa wa mji walivamia. Mwalimu aliyekuwa juu akifundisha watoto alitoroka. Padri hawakumkuta. Wangeondoka mikono mitupu, ila walimchukua mtoto mmoja, mvulana kutoka Flanders aliyekuwa akilelewa pale, wakamvua nguo, wakamtisha kwa fimbo. Mtoto akawaonyesha chumba. Humo walikuta mavazi ya ibada na vyombo vya misa. Nyumba haikusema kitu siku ile. Aliyesema ni mtoto wa miaka kumi na kitu aliyekuwa uchi na mwenye hofu, na sioni yeyote mwenye haki ya kumlaumu.

Mahakamani Margaret alikataa kukiri na akakataa kukana. Alisema hana kosa, kwa hiyo hakuna kesi. Sheria ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia kesi, nao ni mshtakiwa mwenyewe kujibu. Asipojibu, baraza la wazee haliwezi kusikiliza. Na lisiposikiliza, mashahidi hawaitwi. Mashahidi wangekuwa nani? Watoto wake na watumishi wake. Kwa kunyamaza aliwazuia watoto wasisimame kumshuhudia dhidi yake. Alijua gharama. Asiyejibu aliwekewa uzito juu ya mwili mpaka ajibu au afe.

Meya wa mji mwaka huo alikuwa Henry May, baba yake wa kambo. Sina la kuongeza hapo.

Asubuhi ya tarehe 25 Machi walimpeleka kwenye jengo la ushuru lililokuwa daraja la Ouse, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Maofisa waliotakiwa kufanya kazi hiyo hawakutaka, wakakodi ombaomba wanne waifanye. Walimlaza chali, jiwe lenye ncha, ukubwa wa ngumi, likiwa chini ya mgongo. Kisha wakaweka juu yake mlango, na juu ya mlango wakapanga mawe, jumla zaidi ya kilo 300. Alikufa baada ya kama robo saa. Waliuacha mwili chini ya uzito kwa saa kadhaa.

Mlango ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe.

Nimesoma sentensi hiyo katika maandishi mbalimbali, na kila mara inapita haraka, kama habari ndogo ya pembeni. Mimi inanishika. Maana yake ni kwamba kuna mtu alitumwa Shambles. Alipita kwenye ule mfereji, akafika dukani, akanyanyua mlango kwenye bawaba zake au akazing'oa, akaubeba mpaka darajani. Majirani waliona. Mlango wa mbao, mzito kwa sababu ulilinda mali ya duka, na pengine ndicho kitu pekee katika nyumba nzima ambacho kingeweza kutoka kikiwa kipande kimoja. Hii ni nyumba iliyofika kwa vipande. Siku ile kipande kimoja kikaondoka.

Kabla ya hapo alikuwa ametuma kofia yake kwa mumewe, na viatu na soksi zake kwa binti yake Anne, aliyekuwa na miaka 12. Anne baadaye alikwenda ng'ambo akawa mtawa mjini Leuven. Gerard Manley Hopkins, aliyekuwa padri na mshairi, alianza shairi juu ya Margaret karibu miaka 300 baadaye na hakulimaliza. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na wafiadini wengine 39 wa Uingereza na Wales. Mkono unaoaminika kuwa wake umehifadhiwa Bar Convent, palepale York.

Mkono unajulikana ulipo. Nyumba ndiyo iliyopotea, na sasa nadhani si ajabu. Katika karne ya 16 nyumba haikuwa na namba. Ilijulikana kwa mwenyewe, kwa alama iliyoning'inia mlangoni, kwa jirani. Uliuliza kwa Clitherow muuza nyama, ukaonyeshwa. Ukoo ukiisha mtaani, na jirani wakifa, kinachobaki ni safu ya viunzi vilivyofanana: nguzo, fito, ghorofa imechomoza, kibao cha nyama, kulabu. Ule mfanano uliomsaidia kuwaficha mapadri ulimficha na yeye. Mush, aliyeijua nyumba mpaka ndani, alikuwa anaandikia watu ambao wangeweza kwenda wenyewe wakaiona.

Kuna wanaokerwa na namba 35. Nimesikia mwongozaji wa watalii akilisema kosa hilo kwa sauti ya mtu anayefichua utapeli. Mimi sikerwi sana. Namba 35 ni nyumba ya aina ileile, ya mtaa uleule, na wakati wa uhai wake Margaret bila shaka alisimama mbele yake mara nyingi sana, akingoja mkokoteni upite. Kinachonisumbua zaidi ni kingine: chumba cha sala kimekuwa safi mno. Hakuna kulabu, hakuna kibao cha nyama wala dalili ya biashara. Mwanamke huyu alipima nyama, alibishana bei, alifuta damu. Ukimtoa dukani ukamweka kwenye chumba kitupu chenye mishumaa, umemhamisha mara ya pili, na safari hii kosa si la namba.

Mtaa wenyewe nao umesafishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyumba nyingi zilikarabatiwa sana, na nyuma yake pakafunguliwa soko la wazi. Mabucha yalipungua moja moja mpaka yakaisha. Siku niliyopita mimi kulikuwa na foleni ndefu mbele ya duka linalouza fimbo za kichawi, watoto wamevaa majoho meusi, wazazi wanapiga picha zile ghorofa zilizokaribiana. Mbao zimepakwa rangi nyeusi na kuta nyeupe, mtindo uliopendwa zaidi katika karne ya 19. Mafundi wenyewe wa zamani mara nyingi waliuacha mwaloni ulivyo, ukageuka kijivu, au wakapaka chokaa kila kitu pamoja na mbao.

Nilitoka namba 35 nikavuka. Ni hatua chache tu. Nikahesabu milango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilisukumwa na kundi la wanafunzi nikapotea. Palikuwa na duka, kama mengine. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kipande cha mbao ili upepo usiubamize, na kila aliyeingia alivuka kizingiti bila kutazama chini.